Jicho la Bunju

Mama ndiye aliyeliona kwanza. Nilikuwa barazani navaa viatu, nimeshachelewa kazini, akaniita kwa ile sauti ya chini aliyoishika tangu msiba. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka sebuleni, paji la uso limegusa kioo cha tangi la baba.

"Hebu mtazame huyu," akasema. "Jicho limemtoka."

Bunju, samaki wa baba, alikuwa kwenye kona yake, anaelea bila haraka. Jicho la kulia lilikuwa kama siku zote, linazunguka na kumkagua kila aliyeingia. La kushoto lilikuwa limevimba na kusukumwa nje, limesimama kama kitufe cha redio. Nikavua viatu. Nikapiga simu kazini nikasema nina mgonjwa nyumbani, na wala sikuona kama nimedanganya.

Baba alikuwa fundi wa pampu kwenye hoteli moja ya ufukweni. Huko ndiko alikojifunza kufuga samaki wa maji chumvi, kwa kuwa hoteli ilikuwa na tangi kubwa mapokezi na kila pampu yake ilipokorofisha aliitwa yeye. Alipostaafu akajitengenezea la kwake, refu kama kabati la vyombo, akaliweka sebuleni kwetu Kiwalani, mkabala na dirisha. Samaki wa kwanza kuingia humo alikuwa bunju, na hakuingia mwingine tena. Wavuvi wa kokoro walikuwa wamemtupa mchangani, maana bunju ana sumu na hakuna anayemla. Baba akamwokota, akamtia kwenye ndoo, akaja naye nyumbani.

Mama alichukia. Yeye ni mtu wa pwani, kwake samaki ni kitoweo. "Samaki asiyeliwa ni wa nini?" alimuuliza kila mgeni aliyekuja. Akambatiza jina la mke mwenza. Baba akirudi kutoka Kigamboni na madumu ya maji ya bahari kwenye bajaji, mama alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Haya, mke mwenza kaletewa maji yake. Mie bomba kavu tangu juzi, nani kaniuliza?" Baba alicheka tu. Aligonga kioo kwa kucha, bunju akapanda juu na kumtemea maji usoni. Mzee mzima na mvi zake, anajifuta maji ya samaki huku anafurahi.

Kisha baba akafa. Moyo ulisimama, ghafla, kabla hata hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Mama akaingia eda: hatoki nje ya ua wa nyumba mpaka muda wake uishe, hajipambi, hajifukizi udi, haonani na wanaume wasio ndugu zake wa karibu. Hayo ni ya dini na mama aliyapokea bila neno. Lakini dada yake baba, shangazi yangu, aliyehamia kwetu kumsaidia, alikuja na ya kwake juu ya hayo. Mjane hajitazami kwenye kioo. Siku ile ile ya mazishi alizunguka nyumba nzima na mashuka. Akafunika kioo cha kabati, akafunika televisheni, na alipofika kwenye tangi akalitazama kidogo, akalifunika nalo.

Nilimwambia nimemuuliza ustadhi wa msikiti wetu, kasema habari ya vioo haimo kwenye eda. Shangazi hakuyumba. "Ustadhi huyo kazaliwa juzi. Mila hii nimeikuta kwa bibi yako." Tukafikia mapatano: shuka likae usiku kucha na asubuhi mpaka yeye mwenyewe atakapolitoa baada ya chai, mama akalishwe ameligeuzia tangi mgongo. Mama alikuwa hasemi kitu kwa lolote siku zile.

Ila polepole nikaanza kuona jambo. Saa za baba kurudi kutoka msikitini, bunju alikuwa akija mbele ya kioo, anapanda na kushuka, anatazama mlango. Na mama alikuwa akimtazama anavyotazama. Wageni wote walikuja na neno moja, subira, subira, na mimi nililisema hilo hilo. Bunju peke yake ndiye alikuwa bado anamtafuta baba na hakumwambia mama avumilie. Siku moja nikamkuta mama anamlisha kamba kwa mkono, anamsimulia jambo. Aliponiona akanyamaza. Tangu siku hiyo mama akaanza kula, akaanza kuulizia mambo ya nyumba. Kwa hiyo nilipoliona lile jicho limevimba sikwenda kazini. Nilijua kabisa akifa huyu, mama atarudi kwenye ule ukimya, na sikujua kama safari hii atatoka.

Nilimpigia muuza samaki wa mapambo mmoja wa Kinondoni ambaye baba alikuwa akinunua kwake mipira ya kupitisha hewa kwenye maji. Mtu wa maneno mengi.

"Pole na mzee, braza. Haya, nambie. Jicho moja au yote mawili?"

"Moja."

"Afadhali. Yakivimba yote, mara nyingi maji yameharibika au ugonjwa ushaingia mwilini. Likivimba moja, mara nyingi kajigonga. Lina ukungu?"

"Hapana, linang'aa."

"Anakula?"

"Anakula, ila anakosea. Anauma maji pembeni ya kamba."

"Basi upande huo haoni vizuri. Sikia, mie ni wa maji baridi, nisikudanganye, hawa wa chumvi nawasikiaga tu. Ila usimwage dawa ya kuku humo kwenye tangi. Watu wanamwagaga, inaua mpaka vile vijidudu vinavyosafisha maji, ndo inakuwa balaa. Badilisha maji kwanza. Halafu tafuta alichojigonga, maana usipokiondoa utatibu mpaka uchoke."

Nilimpa mama majibu hayo. Akakunja uso. "Bunju ajigonge? Ana haraka ya kwenda wapi?"

Na kweli, hakuwa samaki wa haraka. Nilishuku ndege. Kwetu zinapita juu ya bati mpaka vikombe vinalia kabatini, lakini bunju alizizoea kuliko sisi. Nilipima maji kwa vile vichupa vya matone alivyoviacha baba, rangi ikatoka ya kijani kidogo mahali ilipotakiwa kuwa njano, maana yake uchafu umeanza kujaa. Haikushangaza. Wakati wa matanga nani angekumbuka kubadilisha maji? Nikavuka daraja kwenda Kigamboni, mbali na kivuko kwa sababu pale maji yana utando wa mafuta, nikasubiri bahari ijae kama baba alivyokuwa akisubiri, nikajaza madumu. Mama akatoa kanga yake ya kuchujia. Ilikuwa mpya, yenye rangi nyekundu kali. "Kwa sasa siivai," akasema.

Maji yakabadilishwa, lakini jicho halikupungua. Kesho yake lilikuwa limezidi, na pembeni pana mchubuko mpya. Huo mchubuko ulinikera. Mawe nilikuwa nimeshayapapasa yote, na moja tu ndilo lenye ncha, lile kubwa la matumbawe lililokaa katikati, ambalo bunju amelizunguka miaka yote bila kuligusa.

Jibu nililipata nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimekaa ukumbini, mlango wa sebule uko wazi. Shangazi alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Mama akatoka chumbani kwake ananyata kama mtoto anayekwenda kuiba sukari, akasikiliza kidogo upande wa bafu, akalishika lile shuka na kulivuta lote kwa mara moja. Jua la dirishani likalipiga tangi zima. Bunju, aliyekuwa gizani tangu jana jioni, alichomoka kwenye kona na kujibamiza kwenye lile jiwe. Nilisikia mlio wa pigo kupitia kioo. Akayumba, akajigeuza, kisha akaja moja kwa moja mbele ya mama na kuanza kupanda na kushuka.

Na mama alicheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. "Umeamkaje, mke mwenza," akamwambia. "Umeniona?"

Nikaiweka chai chini. Nilikaa pale nikiwa sijui nianzie wapi, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa anakiamkia mama kila siku: kuiba dakika chache na yule samaki kabla wifi yake hajatoka kuoga. Ningemwambiaje?

Sikuwahi hata kuchagua maneno. Shangazi alitoka na taulo kichwani, akaona tangi liko wazi, mdomo ukafunguka. "Wifi! Tumekubaliana nini kuhusu kioo?" Hapo hasira zangu, ambazo nilizirithi kwake yeye mwenyewe, zikapanda. Nikamwambia hilo shuka lake ndilo linalomuumiza samaki. Nikamwambia kiumbe hana kope kama sisi. Ukimtia gizani kisha ukamfungulia jua lote kwa ghafla, anakimbia bila kuona anakokimbilia. Nilisema kwa sauti kubwa, nikamnyooshea kidole mtu mzima, na katikati ya maneno nikagundua mama amesimama nyuma yake, shuka bado liko mkononi mwake.

"Kwa hiyo ni mie," mama akasema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Ni mie ninayelivuta. Kila asubuhi."

Ndege ikapita, tukasubiri imalize. Shangazi akakaa kwenye kochi taratibu, taulo likamteleza mabegani.

"Si wewe, wifi," akasema. "Niliyefunika ni mie. Na si kwa ajili ya mila peke yake. Mila ipo, lakini sikufunika kwa ajili ya mila." Akajifuta pua kwa ncha ya taulo. "Siwezi kumwona anavyomsubiri kaka yangu pale mlangoni. Kila jioni anamsubiri. Nilisema nikilifunika nitapumzika."

Walikuwa wameishi nyumba moja muda wote ule, mmoja anafunika, mwingine anafunua, wote kwa ajili ya mtu yule yule. Mama akamkalia karibu. Walilia pamoja, na mimi nikaenda kukunja yale mashuka, la tangi na la televisheni na la kabati, nikayatia kwenye beseni la nguo chafu. Hakuna aliyenizuia.

Tiba tuliianza siku hiyo. Duka la dawa la jirani walikuwa na chumvi ya Epsom, ile ambayo watu wanalowekea miguu, na muuza samaki wa Kinondoni alisema inasaidia kuvuta maji yaliyojaa nyuma ya jicho. Tulimtenga kwenye beseni kubwa la kufulia, maji ya bahari yaliyochujwa, mpira wa hewa unabubujika pembeni. Bunju hatolewi nje ya maji kwa wavu, maana akishtuka hewani anajijaza upepo, anaweza kufa nao. Baba alinifundisha hilo. Shangazi akaingiza bakuli la mchuzi ndani ya tangi, akamsubiri mpaka akaingia mwenyewe, akamhamisha na maji yake. "Bakuli hili mchuzi basi tena," akasema, na mama akatabasamu. Chumvi niliikoroga pembeni kwanza, nikaimimina kidogo kidogo. Pazia likawa linasogezwa taratibu, asubuhi kidogo na mchana kidogo, na mwenye kulisogeza alikuwa mama.

Zikaja siku nzuri. Uvimbe ulishuka, kidogo lakini ulishuka, hata shangazi asiyeona vizuri aliuona. Bunju akakamata kome mkononi mwa mama na kulivunja gamba, tukashangilia kama timu yetu imefunga. Jioni wale wawili walikaa na vigoda pande mbili za beseni na kumsema baba. Shangazi alisimulia kaka yake alivyokuwa anaogopa kuku utotoni. Mama akasema alijua, kuna jogoo wa jirani aliyemfukuza wakiwa ndio kwanza wameoana, mpaka baba akapanda juu ya meza. Nilikuwa nasikia nikiwa ukumbini, nikaamini tumevuka.

Kisha jicho likaingia ukungu. Asubuhi moja lilikuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa, na jioni yake alikataa kamba. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Daktari wa pale, kijana mstaarabu, aliniuliza nina kuku wangapi. Nilipomwambia ni bunju mmoja alinitazama kwanza kuona kama namtania. Hakunicheka. Alisema vidonda vya jicho vikishaingia vijidudu ni kazi hata kwa ng'ombe, akanipa dawa ya kuua vijidudu, akakadiria kiasi, akaniambia waziwazi kuwa anakadiria. Ilitakiwa ichanganywe kwenye chakula. Mama aliiponda na nyama ya kamba, akafinyanga vipunje vidogo, akavishusha mbele ya mdomo wa bunju kimoja kimoja.

"Kula, basi," alimwambia. "Kidogo tu. Mie nimekula, si umeniona?"

Hakula. Nikachanganya dawa kwenye maji ya beseni, kwa kuwa hapakuwa na vijidudu vya kulinda humo na sikuwa na njia nyingine. Nikabadilisha maji kila nilipoweza kuvuka daraja. Alikuwa anazidi kushuka chini ya beseni, tumbo limegusa plastiki, na lile jicho zima linamfuata mama popote alipohamia.

Alikufa kabla ya adhuhuri, mama yuko pale pale. Nilirudi kutoka Kigamboni na madumu mawili, nikaona shangazi amesimama mlangoni na nikajua. Niliyatua madumu uani na sikuyaingiza ndani.

Shangazi alikuwa na mawazo ya watu wenye akili timamu: tumfunge kwenye mfuko mara mbili, paka wasije wakamla wakafa na sumu. Mimi nikasema nitampeleka baharini, nitamrudisha alikotoka. Mama alikuwa amempakata kwenye ile kanga nyekundu ya kuchujia.

"Hapana," akasema. "Kila ninayempenda mnamchukua nyie mnatoka naye, mie nabaki mlangoni. Huyu nitamweka mwenyewe."

Uani anaruhusiwa. Akatoka na jembe la mkono, akachagua mahali chini ya ukuta penye udongo laini, akaanza kuchimba. Nilimwomba jembe, akanikatalia. Alichimba amepiga magoti, na kwa kuwa hajawahi kufanya kazi ile maishani mwake alichimba vibaya, udongo unamrudia, anautoa kwa mikono. Shangazi akamwambia achimbe zaidi kwa ajili ya paka. Akachimba zaidi. Alipomshusha alimgeuza kidogo, kisha akamgeuza tena.

"Wifi," shangazi akasema kwa upole, "samaki hana kibla."

"Najua."

Akaanza kumfukia. Alifika katikati akasimamisha mikono, akauliza bila kuniangalia.

"Aliyeshuka kaburini na baba yako ni wewe?"

Tangu siku ile hakuwa ameniuliza. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Jeneza lilitoka, mlango ukafungwa, na sisi tuliporudi tulikuta wali umeshapakuliwa. Hakuna aliyeniuliza, si yeye tu. Nilikuwa nimelibeba lile jambo kifuani siku zote zile, nikidhani wanaume hawasimulii.

"Ni mimi, mama. Mimi na watu wawili wa msikitini."

"Ulishika wapi?"

"Kichwani."

"Udongo ulikuwaje?"

"Mbichi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wake."

"Ulimfungulia?"

"Nilifungua kamba za sanda, nikamlaza ubavu wa kulia, shavu nikaligusisha kwenye udongo."

"Ulimshusha taratibu?"

"Taratibu sana, mama."

"Alikuwa mzito?"

Hapo nikakaa chini kwenye saruji. "Alikuwa mwepesi," nikamwambia. "Nilijiandaa kwa uzito, mama, na hakuwa na uzito. Niliogopa nimeshika vibaya." Nikalia mbele yao, kwa sauti, kitu ambacho sikukifanya makaburini.

Mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Akasawazisha udongo wa bunju kwa kiganja, akaushindilia kidogo kidogo, akajipangusa mikono kwenye nguo.

"Anza tena," akasema. "Anzia pale mlipotoka naye mlangoni. Usiruke kitu."

Shangazi akaleta kigoda chake karibu na sisi, maana naye alikuwa hajasimuliwa. Nikaanza tena, tangu mlangoni.